Akaunti ya Marehemu Nassib

Nassib alizikwa Ujiji siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi wenzake wakaingia kwenye kompyuta kwa jina lake wakachapa barua ya rambirambi. Hakuna aliyeona ubaya. Pale ofisini ndivyo walivyozoea.

Shirika lao lilikuwa na ofisi Kigoma, njia ya kwenda Bangwe, nyumba ya zamani yenye veranda inayotazama ziwa. Ulikuwa mwaka ule Warundi walipomiminika tena, boti kwa boti kutoka Kagunga, wakapandishwa malori kwenda makambini. Wengi walibaki huko makambini. Wachache, wale waliokuwa wakiwindwa hata ndani ya kambi, shirika liliwatoa kimyakimya na kuwapangia nyumba mjini, wakakaa kama wapangaji wengine. Kazi hiyo ya kuficha watu ndiyo iliyokuwa ya Nassib, mpaka gari lilipopinduka naye akitoka Kibondo.

Elikana alikuwa fundi wa kompyuta. Alitoka Kasulu, mtu mzima, mpole, asiyependa kugombana na mtu. Yeye ndiye aliyempa kila mfanyakazi akaunti yake na neno lake la siri, na yeye ndiye aliyeamua kila akaunti ina ruhusa gani. Karani alifungua mambo ya karani. Mkalimani alifungua ratiba ya safari, basi. Mafaili ya watu waliofichwa yalifunguliwa na wenye ruhusa ya msimamizi tu, nao walikuwa watatu: mama Elinipa, ambaye alikuwa mkuu wa ofisi, Nassib, na Elikana mwenyewe.

Hiyo ilikuwa kwenye karatasi. Kwa vitendo ilikuwa hivi. Printa ya ofisi iligoma kwa kila mtu isipokuwa kwa wale watatu, kwa sababu ya ile ruhusa yao. Elikana alijua tatizo liko wapi, na kila wiki alisema atalirekebisha. Kati yao Nassib ndiye hakuwa mchoyo. Akiwa safarini mtu akimpigia simu, alimtajia neno lake la siri huku anacheka: jina la binti yake na mwaka aliozaliwa. Baada ya muda hapakuwa na haja ya kumpigia. Mtu akikwama aliambiwa, "Ingia kwa Nassib," kama anavyoambiwa apite mlango wa uani.

Siku ya mazishi, wakitoka makaburini, mama Elinipa alimvuta Elikana pembeni. Alikuwa Mpare, mama wa maneno machache.

"Ile akaunti ya Nassib uifunge leo."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa halafu ukalala."

"Nitafunga, mama."

Alhamisi alikaa mbele ya mashine ili aifunge. Agnesi, karani, alikuwa amesimama nyuma yake na barua ya rambirambi mkononi, macho mekundu.

"Unafanya nini hapo?"

"Mama kasema nimwondoe."

"Umwondoe nani? Mtu udongo wake haujakauka, wewe unamfuta jina?" Agnesi alivuta kamasi. "Hata arobaini haijasomwa. Mama yake akisikia atasema sisi ni watu gani?"

"Ni akaunti tu, Agnesi."

"Basi anza na akaunti yangu. Na hiyo printa tutachapia wapi, kwenye kichwa chako?"

Wengine waliokuwa chumbani wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Elikana aliitazama picha iliyokuwa kwenye kioo cha ile kompyuta, binti wa Nassib kashika samaki, mgebuka mkubwa kuliko mkono wake. Akaondoa mkono. Arobaini ikipita, alisema, atafunga. Na ikawa hivyo hivyo kwa mambo mengine yote ya Nassib. Wale watu wake waliofichwa hawakuambiwa kwamba amefariki, maana wangetishika. Wataambiwa akipatikana mtu wa kushika nafasi yake. Mama Elinipa alidhani akaunti imefungwa. Hakuuliza tena.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Elikana alikaa kupitia kumbukumbu za kompyuta kubwa, ile inayoandika nani kafungua nini na saa ngapi. Ilikuwa kazi ya kuchosha, aliifanya huku anapuliza chai. Nassib kachapa. Nassib kachapa. Nassib kachapa. Alikuwa keshazoea kuona marehemu anafanya kazi kuliko walio hai. Kisha akaona Ijumaa, saa saba mchana: Nassib kafungua faili la Feliksi.

Aliweka kikombe chini.

Saa saba ya Ijumaa Nassib akiwa hai angekuwa msikitini. Na Feliksi hakuwa mtu wa kufunguliwa faili hovyo. Alikuwa mwalimu kutoka ng'ambo ya mpaka, aliona kwa macho yake waliowaua majirani zake, akawataja majina. Wawindaji wake walimfuata mpaka kambini wakamkosa kidogo. Nassib alimleta Ujiji, yeye na mkewe Eufrasia, akawaweka nyumba ya uani karibu na soko la samaki. Faili lilitaja nyumba ile. Lilitaja pia kwamba Feliksi asimfungulie mtu mlango ila aliyesema ametumwa na Nassib.

Hapo Elikana alitakiwa kuinuka, apige hatua chache mpaka chumba cha mama Elinipa, aseme: mama, Feliksi atolewe pale sasa hivi. Alijua hivyo. Lakini alijua pia swali la kwanza atakaloulizwa. Akaunti niliyokuambia ufunge, imefungukaje? Alikuwa na watoto shule, na kazi ya namna ile Kigoma haiokotwi. Akajiambia atafute kwanza aliyefungua. Huenda ni mtu kabonyeza kwa makosa akichapa. Akimjua, atakwenda kwa mama na jibu, siyo na aibu mikononi.

Basi akachukua kikombe chake akazunguka ofisini kama mtu anayeshughulikia printa.

"Ijumaa ilisumbua?" alimuuliza mlinzi. Mlinzi hajui. Akamuuliza mfagizi. Akamuuliza dereva, naye dereva akamshika na stori ndefu ya mpira. Elikana alisimama akaisikiliza, kwa sababu hakutaka aonekane ana haraka. Saa nne ya chai ikafika, chapati zikaja, naye akala.

Alimkuta Agnesi mwisho.

"Ijumaa mchana nani alikaa kwa Nassib?"

"Mimi nilichapa mahudhurio, nikaenda kula. Nilimwacha Anatoli, alisema anasubiri ratiba yake itoke." Agnesi akamtazama. "Kuna nini?"

"Printa."

Anatoli alikuwa mkalimani, kijana wa mpakani, Muha upande wa baba, Mrundi upande wa mama. Elikana alimkuta nyuma ya nyumba kwenye tangi la maji, ananawa uso. Alinawa muda mrefu.

"Mwakeye, Anatoli," alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, kaka."

"Ulifungua faili la Feliksi?"

Anatoli hakukana. Alifunga bomba, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Dada yangu yuko mikononi mwa hao wanaomtafuta, kaka. Yeye na mtoto wake mchanga. Walinipigia kwa simu yake mwenyewe. Waliniwekea sauti yake nisikie."

"Ukawaambia nyumba."

"Walisema wanataka kuongea naye tu."

"Na wewe ukaamini?"

"Oya," alisema Anatoli kwa Kirundi, taratibu, akitikisa kichwa. "Sikuamini. Nifanyeje?"

"Wanakuja lini?"

"Walisema leo."

Elikana alikimbia. Aliingia kwa mama Elinipa bila kubisha, akasema yote kwa mara moja, na akaunti akaisema. Mama Elinipa alikuwa tayari ananyanyua simu kuita polisi, na kwa mkono wa pili anamrushia dereva ufunguo.

Walipita mtaa wa Mwanga honi ikilia, katikati ya mikokoteni na akina mama wenye beseni za dagaa. Ujiji waliacha gari barabarani wakaingia uchochoroni kwa miguu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Eufrasia alikuwa amekaa kizingitini, kanga imemtoka begani na hana habari nayo. Kiatu kimoja cha mumewe kilikuwa mchangani.

"Eufrasia," alisema mama Elinipa, akachuchumaa mbele yake. "Wamekuja lini?"

"Muda wa chai. Nilikuwa namchemshia."

Elikana alikumbuka chapati. Ilikuwa bado tumboni mwake.

"Mlifungua mlango?"

"Walisema wametumwa na bwana Nassib." Eufrasia aliinua macho, akawatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta uso aliouzoea. "Feliksi alifurahi. Alisema siku nyingi hajaja kutuona. Mbona hakuja yeye mwenyewe? Yuko wapi bwana Nassib?"

Jirani mmoja, mwanamke wa Kimanyema aliyekuwa akisuka mkeka, akasema kwa upole tu, maana hakujua kitu:

"Nassib yupi, yule wa shirika? Si tulimzika wiki iliyopita, mwanangu. Hapo hapo makaburini."

Eufrasia alitazama kuelekea upande wa makaburi, kisha akamtazama mama Elinipa. "Mlijua?" aliuliza.

"Tulijua," alisema mama Elinipa.

Wavuvi waliwaambia polisi kwamba waliona boti ya injini ikitoka ufukweni na wanaume wanne, mmoja amefunikwa turubai kana kwamba ana homa. Ilielekea kaskazini. Polisi walitoa boti yao, wakarudi jioni bila kitu. Feliksi hakuonekana tena, si mzima wala maiti. Anatoli alichukuliwa siku ile ile. Alikwenda bila ubishi. Dada yake hakurudishwa, na ile simu haikuita tena.

Elikana alirudi kwenye mashine akiwa na nia moja. Alifungua orodha ya akaunti, akaweka kidole juu ya jina la Nassib.

"Acha," alisema mama Elinipa kutoka mlangoni. "Polisi wamesema isiguswe. Ni ushahidi. Itakaa hivyo hivyo mpaka kesi iishe."

"Kesi itaisha lini?"

"Unaniuliza mimi?" Akageuka kuondoka. "Na wewe barua yako iko kwa Agnesi. Utamaliza mwezi huu. Rekebisha printa kabla hujaondoka."

Aliirekebisha mchana uleule. Haikumchukua muda wa kunywa chai. Kila mtu akachapa kwa jina lake mwenyewe, na hakuna aliyemshukuru.

Arobaini ilisomwa Ujiji, uani kwa akina Nassib. Elikana alikwenda ingawa hakuwa na kazi tena, akakaa mkekani na wanaume wengine, akala pilau. Nyumba ya Feliksi ilikuwa uchochoro wa pili kutoka pale. Eufrasia alikwisharudishwa kambini, kambi ile ile aliyokuwa ametolewa.

Wakati wa kuaga alikwenda kumpa mkono mama yake Nassib.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe wa kompyuta?" Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia. "Agnesi ameniambia ulikataa kumfuta mwanangu mpaka isomwe dua. Mungu akulipe. Wengine wangemfuta siku ile ile."

Elikana alitazama viatu vilivyopangwa mlangoni.

"Sasa tumeshasoma," alisema mama. "Mmwache apumzike. Mmeshaifunga hiyo akaunti yake?"

"Bado, mama," alisema Elikana.