Mgeni Aliyeupuliza Moto

Mgeni aliinama akaupuliza moto kwa mdomo.

Mama akaacha kukanda unga. Kwetu Sogdia hata mtoto hujifunika mdomo kwa kitambaa kabla ya kuusogelea moto, pumzi yake isije ikauchafua. Mtu huyu, aliyejiita Artuka na kuapa kuwa ni Msogdi mwenzetu, aliupuliza kama anayepoza uji.

Kaka yangu Vakshudata hakuona. Alishaushika mkuki, masikio yote kwa mgeni: mfalme wa Wayunani amekufa Babeli kwa homa, na kesho vijana wa bonde zima wataivamia ngome yake.

"Amekufa tena?" nikauliza. "Mwaka juzi mlimuua kwa mshale huko Uhindi. Walioshangilia wakachinjwa."

"Safari hii kafa kweli, bwana mdogo."

Miaka ile habari zilikuja na misafara kama vumbi. Jumba la wafalme wa Uajemi limeteketea. Askari wamepanda jabali kwa kamba, wakaiteka ngome ya juu mawinguni. Tembo wamepigana kando ya mto. Tuliyoyacheka yakawa kweli, tuliyoyaamini yakatuua. Baba aliamini moja tu, tukamzika.

"Kaka, mgeni wako kaupuliza moto."

Artuka akacheka. "Miaka yote ile nikiwa mateka kambini kwao, ningebaki na adabu gani? Mdogo wako ana ulimi. Mikono je, anayo?"

"Mimi huyu simjui, mwanangu," mama akasema.

Vakshudata alimkazia macho mgeni, kisha akauegemeza mkuki ukutani. "Nenda zako, Artuka. Kabla huyu hajakutungia shairi."

Vijana wa kijiji cha ng'ambo ya mfereji walimfuata. Bila wa kwetu walikuwa wachache mno. Hakurudi hata mmoja. Nikatembea kifua mbele mpaka msafara ulipofika kutoka Babeli. Mfalme alikuwa amekufa kweli, kwa homa. Na pale ngomeni, tukaambiwa, wa kwanza kuanguka alikuwa Artuka.

Ningemwona leo akiupuliza moto, ningesema vilevile.

Theluji ilipoyeyuka tulikwenda kuzibua mfereji, kila kijiji na kipande chake. Kwenye kipande cha ng'ambo walisimama wajane tu, na majembe ya waume zao. Vakshudata alinipita, akavuka maji yakimfika kiunoni, akaanza kuchimba upande wao.