Pakiti Nyepesi za Jumamosi

Jumamosi saa nne asubuhi, Lorraine Hudak alikuwa kwenye foleni ya watoto katika duka la kadi la Dale Prusak. Mjukuu wake Wren, mwenye miaka kumi, alisimama mbele yake. Kwenye kiganja Lorraine alishika pakiti moja ya kadi za besiboli. Hakuifungua. Aliipima kwa mkono, kama alivyopima nyama ya nguruwe kwa miaka thelathini na mmoja nyuma ya kaunta ya supamaketi ya mji ule wa Ohio. Mteja akisema robo ratili, mkono wake ulikata robo ratili. Mizani ilikuwa ya kumridhisha mteja tu.

"Nyepesi," alisema.

"Bibi, ni karatasi," Wren akamjibu. "Karatasi ni nyepesi."

"Ya wiki iliyopita ilikuwa nyepesi. Na ya wiki ile nyingine."

"Bibi jamani, nipe. Watu wanatuangalia."

Akampa.

Dale alikuwa ameanzisha Jumamosi ya Watoto mwezi wa Aprili, baada ya kuona kwamba wateja wake wote wana mvi. Watoto wa siku hizi walikuwa hawajui kadi za besiboli ni kitu gani. Mmoja alimuuliza zinachajiwa wapi. Basi akaweka meza ndefu, donati za bure, pakiti kwa nusu bei, na sheria moja ukutani: mkishapeana mikono mmebadilishana, hakuna kulia. Wiki ya kwanza walikuja watoto wanne, na walikuja kwa ajili ya donati. Wiki ya pili wachezaji wakaanza kutoka kwenye kadi. Wiki ya tatu foleni ilitoka nje ya mlango ikapita duka la kinyozi.

Wachezaji hao walikuwa na urefu wa kopo la soda. Kadi ikishapata joto la mkono wa mtoto, mchezaji alishuka, akajikung'uta suruali, akauliza kama kuna mbegu za alizeti. Shule ilituma barua kwa wazazi kwamba wachezaji wabaki kwenye mkoba mpaka saa ya chakula. Kanisani, mchungaji aliomba wavue kofia tu. Akina mama walilalamika kuhusu maganda ya alizeti kwenye makochi, na hayo ndiyo yalikuwa malalamiko yote.

Kadi za watu wazima hazikutoa mtu. Zilikuwa zimefungwa kwenye makasha magumu ya plastiki, na joto la mkono halipiti kwenye plastiki.

Lorraine alikuwa mtu wa shaka. Alisoma tarehe kwenye maziwa mara mbili, dukani na nyumbani, isije ikawa imebadilika njiani. Lakini wachezaji kutoka kwenye kadi hakukumpa shida. Shida yake ilikuwa ni akina nani wanaotoka. Wote walikuwa wachezaji wa akiba, wa benchi. Katika mji mzima walishatoka zaidi ya mia moja, na hakuna hata mmoja ambaye mtu alimkumbuka. Nyota, wale wenye majina, hakutoka hata mmoja.

Na Wren alikuwa anamtafuta nyota mmoja.

Baba yake Wren, Greg, ambaye ni mwana wa Lorraine, alikuwa Texas kwenye visima vya mafuta, mwaka wa pili sasa. Tangu aondoke, Wren alikuwa haongei zaidi ya "sijui" na "poa", na uso wake ulikuwa ndani ya simu mchana kutwa. Halafu mwezi wa Mei, Greg alipopiga, akasikia habari za Jumamosi ya Watoto. Akacheka, akasema, "Ukimpata Hollis Brandvold, ile kadi yenye kipande cha jezi yake, nakuja kesho yake. Tutamweka kwenye albamu mimi na wewe."

Tangu siku hiyo Wren alianza kula kifungua kinywa. Aliuliza maswali. Alijua Brandvold alirusha mpira kwa mkono gani na mama yake alimzalia wapi. Lorraine alimfahamu mwanawe. Alishuku kwamba Greg ameahidi kwa sababu kadi yenyewe haipatikani. Ila utamwambiaje mtoto shaka kama hiyo, na ndiyo kwanza ameanza kucheka tena?

Siku hiyo ya pakiti nyepesi, mchezaji alitoka wakiwa tayari nyumbani. Wren alimweka kwenye meza ya jikoni na kukimbia nje kupanda baiskeli, maana wa akiba alishawaona wengi.

"Wewe nani?" Lorraine alimuuliza, huku akimenya viazi.

"Eusebio Tavares, mama. Mdaka mpira."

"Umecheza mechi ngapi?"

"Kumi na moja. Tatu zilivunjwa na mvua."

Lorraine akamwekea mbegu chache kwenye kisosi. "Niambie kitu. Mbona mnatoka nyinyi tu? Brandvold yuko wapi?"

Tavares alipasua mbegu, akatema ganda pembeni kwa adabu. "Brandvold ni mzito. Kadi yake ina kitambaa ndani, ni nene. Kila pakiti inapita kwenye mizani, chumba cha nyuma. Nzito zinaingia kwenye droo, zinauzwa kwa wanaume wa kwenye intaneti. Sisi nyepesi tunarudishwa kwenye boksi la watoto."

"Umeona kwa macho yako?"

"Mama, mimi kazi yangu yote ni kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kuangalia kila mtu anafanya nini."

Lorraine akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akachukua kingine.

Jumamosi iliyofuata alimtia Tavares kwenye pochi na kwenda dukani. Wren alikimbilia mezani kwa wenzake. Lorraine akawafuata wazazi waliosimama karibu na donati, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba pakiti za watoto zinapimwa, na zile zenye kitu zinatolewa.

Candace, mama wa mapacha, alijifuta sukari mdomoni. "Bi Lorraine, mbona kila mtu anajua?"

"Kila mtu anajua nini?"

"Kwamba Dale anapima. Sasa unataka afunge duka? Hawa warudi kwenye simu?"

"Wangu hajagusa simu tangu mwezi wa tano," alisema baba mmoja mnene aliyeitwa Rusty. "Anaweza kumuuzia pakiti ya hewa. Nitalipa."

"Wanalipa wao," Lorraine alisema. "Kwa hela zao za kufyeka majani."

"Wanajifunza maisha, si ndiyo?" Rusty akachukua donati nyingine. "Cha maana wasijue wao. Wakijua tu, imekwisha."

Lorraine akatazama meza ndefu. Watoto walikuwa wanapeana mikono kwa uzito kama wabunge. Kati yao wachezaji wadogo walitembea na kukalia vifuniko vya chupa, wakingoja kujua wanaenda na nani. Akavuta pumzi ili aseme kwa sauti.

"Bi Lorraine." Dale alikuwa mlangoni pa chumba cha nyuma, mrefu, mpole, na kalamu nyuma ya sikio. "Njoo mara moja."

Chumba cha nyuma kilikuwa na mizani, ya chuma, sahani ya bluu. Lorraine aliijua aina hiyo. Akamtoa Tavares kwenye pochi na kumsimamisha kando yake.

"Sema ulichoniambia."

Tavares akasema, tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Hawa wa akiba wote husema hivyo," Dale alisema. "Wana uchungu wa benchi."

"Ni uongo?"

"Sijasema ni uongo." Dale akakaa juu ya boksi. "Sikia. Nikiwa na miaka saba mama alikuwa ananileta kwenye kaunta yako kila Ijumaa. Mimi mfupi, macho yangu yako sawasawa na mizani yako. Unakumbuka nilikuwa naangalia nini?"

Lorraine akaitazama sahani ya bluu.

"Kidole gumba chako," Dale alisema. "Kilikuwa kinapumzika kwenye sahani, nyama ikipimwa. Kila Ijumaa. Sikumwambia mama. Nyama yako ilikuwa tamu."

"Meneja ndiye aliyetuagiza."

"Najua. Mimi sina meneja, ndiyo maana inaonekana ni mimi." Alifungua droo. Ndani pakiti zilikuwa zimepangwa kwa mistari, na kutoka humo zilisikika sauti za wanaume, za chini, kama watu walio kwenye chumba cha kungojea daktari. Akachukua moja. "Hii ni ya Wren. Sijaifungua, lakini huko ndani kuna mtu analalamika tangu jana kwamba amebanwa, na anajiita Brandvold."

Akaiweka kwenye kiganja cha Lorraine. Ilikuwa nzito. Ilikuwa nzito kama kitu cha haki kinavyokuwa, na mkono wake uliijua kabla yeye hajapenda.

"Na mimi nifanye nini?" aliuliza.

"Hakuna. Hilo tu. Usifanye kitu."

Nje mtoto mmoja alipiga kelele ya furaha, wengine wakamzomea. Lorraine akaitia pakiti kwenye pochi. Halafu akamrudisha Tavares, naye akasogea pembeni kuipisha.

Brandvold alitoka kwenye kadi saa nane mchana, jikoni. Hakuomba mbegu. Aliuliza kamera ziko wapi, akaambiwa hakuna, akakaa kwenye bakuli la sukari akiwa amewapa mgongo. Wren hakujali. Alikuwa ameshika kadi kwa vidole viwili, kipande cha kitambaa cha kijivu kikionekana katikati, na alikuwa ameshapiga simu Texas.

Greg alikuja. Lorraine alimngojea asije, akaandaa na maneno ya kumwambia mtoto, lakini Jumapili saa tano gari la kukodi likasimama mbele ya nyumba na mwanawe akashuka, amekonda, amechomwa na jua. Lorraine alimwangalia siku nzima. Aliangalia viatu vyake, na namna alivyopokea simu na kuikata. Greg alikula vifurushi vinne vya nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi. Alikaa sakafuni na Wren, wakaitia kadi kwenye albamu, wakaitoa, wakaitia tena mahali pengine. Wren alicheka mpaka akapata kwikwi. Usiku alilala akiwa ameshika mkono wa shati la baba yake, na Greg akavua shati akamwachia. Lorraine alitafuta kasoro na hakuiona, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

Jumatatu asubuhi begi lilikuwa mlangoni.

"Sasa sikia, mwanangu," Greg alimwambia binti yake, akiwa amepiga goti. "Kuna yule kijana, Pruitt. Ile kadi nene yenye sahihi yake mwenyewe, kwa wino. Ukimpata huyo, nakuja tena."

"Kesho yake?"

"Kesho yake."

"Bila kadi je?" Lorraine aliuliza kutoka jikoni.

Greg alisimama, akatafuta funguo mfukoni, na zilikuwa mkononi. "Mama, usianze."

Wren alikuwa ameshachukua kalamu na kuandika PRUITT nyuma ya kiganja chake, kwa herufi kubwa, na sasa alikuwa anapuliza wino ukauke. Gari likaondoka. Alilipungia kwa mkono huohuo ulioandikwa.

"Pruitt naye yuko kwenye droo," Tavares alisema kutoka dirishani. "Mstari wa pili. Tulifika dukani siku moja na yeye."

"Sijakuuliza," Lorraine alisema, akaanza kukusanya vyombo.

Jumamosi, Dale alikuwa ameweka kiti kando ya kaunta, chenye mto. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Wren amempata Brandvold kwa sababu bibi yake ana mkono unaojua uzito. Hakuna aliyemuuliza Lorraine kama ni kweli. Candace alimletea kahawa. Rusty alimpisha njia. Dale alimsalimia kama anavyosalimiwa mfanyakazi wa duka, kisha akarudi chumba cha nyuma na kufunga mlango.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka sita, hana meno ya mbele, na noti zake zimekunjwa kama peremende. Alichagua pakiti kutoka boksi la watoto, akaibadilisha, akaibadilisha tena, halafu akaja nayo mpaka kwenye kiti.

"Bibi wa Wren, hii nzito?"

Lorraine akaipokea. Ilikaa kwenye kiganja chake kama si kitu. Wazazi karibu na donati wakawa wanasoma sheria ya ukutani. Wren, kule mezani, aliinua macho. Wino wa mkononi mwake ulikuwa umeandikwa upya asubuhi ile. Ndani ya pochi Tavares aliacha kutafuna.

Mtoto alingoja, mdomo wazi.

"Nzito," Lorraine alisema. "Hiyo nzito sana, mwanangu." Akamrudishia, akanyoosha mkono kwa anayefuata.