Nyanya za Nyuma ya Jiko

Baba Mdogo Longino alinipa kipande cha ardhi nyuma ya jiko kwa msimu mmoja tu. Miaka yote ya vita ni yeye aliyebaki hapa Nyarusange. Marehemu baba alitukimbizia Kasulu, Tanzania, akafia huko kwenye kambi ya wakimbizi. Niliporudi niliomba nizungushie kipande changu ua wa minyaa, maana kwetu aliyepandiwa ua ana chake, hakuna wa kumhoji. Akakataa.

"Panda nyanya kwanza," alisema. "Zikikubali, tutaongea. Zikikufa, mi naweka migomba yangu pale. Bon?"

Kirundi nakijua, lakini yeye hupenda kunitania kwa Kiswahili alichookota akiuza chumvi Muyinga. Nikamjibu kwa kile cha Kasulu: "Baba, andaa kikapu. Migomba itafute kwingine pa kukaa."

Sikujigamba bure. Kambini nililima nyanya kwenye kiwanja cha upana wa mikeka miwili, na majirani walikuja kuomba mbegu. Huku nikapanda miche arobaini, nikaitia samadi ya mbuzi, nikaifunga kwenye vijiti. Kila jioni niliimwagia maji kuanzia kichwani mpaka miguuni. Ndivyo nilivyolelewa: bomba la mtaa wetu lilifunguliwa alasiri, zamu yako ikifika jua linazama, na bustani inanyweshwa hapo hapo. Hapa kijito kiko wazi kutwa nzima, lakini mkono wangu uliendelea kungoja jioni.

Wiki ya sita majani yakatoka madoa meusi. Baba Mdogo akakunja jani, akalinusa.

"Iko inaoza, mtoto. Ng'oa yote. Nyanya ya Tanzania haiwezi zoea baridi ya huku."

Hilo la Tanzania lilinichoma. Nilizaliwa kwenye mlima huuhuu, nikaondoka nimebebwa mgongoni. Niliogopa pia, nakiri: bila kile kipande ningebaki mgeni kwenye uwanja wa baba yangu mwenyewe. Nikaomba wiki mbili.

"Mbili tu," akasema.

Kesho yake nilichukua kigoda, nikaikagua mche mmoja mmoja. Mitano iliyokuwa chini ya upenu wa jiko haikuwa na doa hata moja. Hiyo ilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo sikuwahi kuinywesha jioni pamoja na mingine. Kila asubuhi niliimwagia shinani maji ya kunawia uso, basi. Nikacheka peke yangu, kwa hasira. Kambini joto lilikausha majani upesi. Huku nilikuwa nazilaza nyanya zimelowa kwenye baridi hadi jua la saa nne.

Niling'oa kumi na minane iliyoharibika, nikaichoma mbali. Iliyobaki niliipunguza majani ya chini, nikatandaza nyasi kavu shinani, nikaiezekea kibanda cha kuzuia mvua. Maji yakawa ya asubuhi, ya shinani tu.

"Efrazia, na nyanya unazijengea nyumba?" aliuliza jirani yangu Adventina.

"Ndiyo, na ukija kuziomba utapiga hodi."

Wiki mbili zilipoisha, Baba Mdogo alifunua majani mche kwa mche. Hakuona doa jipya, akarudi kwenye migomba yake. Zilipoiva nilimpelekea kikapu, kizito hasa. Alikula moja kwa chumvi, amesimama mlangoni, akachukua nyingine.

Asubuhi iliyofuata nilisikia jembe nje. Nikamkuta na mzigo wa vipande vya minyaa, anachimba mashimo kwa mstari. Mstari ulikuwa umeipita bustani yangu, ukapita na njia ya kijitoni, ukawa unazunguka rundo la udongo lililoota majani, ambapo mbuzi hupumzika.

"Baba, bustani inaishia hapa," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Bustani najua. Lakini pale ndio nyumba ya kaka yangu ilikuwa. Shika kamba, mtoto, uivute mpaka kule."