Kadi za Harusi ya Kinanthi

Harusi ya mwanangu Kinanthi ilikuwa Jumamosi, na Jumatano asubuhi jiko langu la uani lilikuwa kimya. Mafenesi machanga yamerundikwa ukutani, nazi zimejaa gunia, masufuria makubwa ya kitongoji mume wangu ameshayaazima, na mtu hakuna. Hapa kwetu, kusini ya mji wa Yogyakarta, jiko la harusi siku kama hiyo hujaa wanawake mpaka pa kukanyaga hupaoni. Mimi nilikuwa na paka.

Naitwa Wuryani. Nafundisha sosholojia chuo kikuu, tena zile nadharia za mwanzo, za wazee wa Ulaya waliokaa wakajiuliza: hivi watu wanashikanishwa na nini hasa? Kila mwaka naanza na Mfaransa mmoja. Alisema zamani watu walishikamana kwa sababu walifanana, wanalima pamoja, wanaomba pamoja; siku hizi tunashikamana kwa sababu kila mtu ana kazi yake na hawezi kuishi bila ya mwenzake. Wanafunzi wanaandika, wanapiga miayo, wanafaulu.

Sasa mtihani ukawa wangu mimi. Tangu tuhamie kitongoji hiki, kila harusi nakalishwa mbele na wageni, naletewa chai, na kule jikoni nasikia wanawake wanacheka mpaka wanakohoa. Wao kwa wao wanaitana Yu, yaani dada. Mimi naitwa Mama Mhadhiri, kwa adabu iliyonichosha roho. Katika harusi hii nilitaka jambo moja tu: waje wapike kwangu. Wakija, mimi ni mtu wa hapa. Wasipokuja, basi mimi ni mpangaji ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Si nilikuambia tukodi wapishi?" mume wangu Giyarto akasema, amesimama mlangoni na kikombe chake. "Wanakuja na sare zao, wanapika, wanaondoka."

"Harusi ya mwanangu haipikwi na watu wasiojua hata jina lake!"

"Haya. Labda paka anajua kukuna nazi."

Ningemrushia fenesi, lakini hasira yangu ilikuwa na safari nyingine. Nilivaa ndala nikavuka uzio wa mianzi mpaka kwa jirani yangu, Yu Parjinem. Huyo ndiye mkuu wa majiko ya kitongoji chetu. Wali wa harusi unapikwa na yeye tu, na asipokuja yeye hakuna anayekuja. Nilimkuta mbele ya kioo anahangaika na vifungo vya blauzi mpya ya kijani, tumbo kalivuta ndani.

"Yu Parjinem, nimewakosea nini nyie watu?"

"Eti nini? Wewe ndiye utuambie sisi tumekukosea nini!"

"Jikoni kwangu hakuna mtu!"

"Ulitaka awepo nani? Wageni?" Akachomoa kitu nyuma ya kioo. Ilikuwa kadi yangu ya mwaliko, yenye herufi za dhahabu, jina lake limechapishwa kamili. "Nimepika wali wa harusi hapa tangu sijaota mvi. Sijapewa kadi hata siku moja. Kadi ni za watu wa mbali. Mtu wa jikoni anaombwa kwa mdomo. Mwenyewe unakuja, unakaa, unakunywa chai, unasema, Yu, nisaidie. Wewe umetuletea kadi nyumba kwa nyumba! Nikasema basi, Mama Mhadhiri hataki mikono yetu kwenye masufuria yake. Anataka tuje tumevaa viatu, tukae kwenye viti. Nililia, ujue. Halafu nikaenda kwa fundi kushona hii."

Zile kadi nilizichapisha kwa heshima! Nilitaka kila nyumba ipate yake, asibaguliwe mtu. Kuna Mjerumani ninayemfundisha kila mwaka, aliyeonya kwamba dunia yetu hii itaendeshwa kwa karatasi na taratibu zisizomjua mtu, mpaka tujikute tumo ndani ya kizimba tulichokijenga wenyewe. Nikifika kwake darasani natikisa kichwa kwa masikitiko. Kumbe kizimba nimekwenda kukichapisha mwenyewe, kwa wino wa dhahabu.

"Kwa hiyo ulininunia?" nikamuuliza.

"Tena sana. Na wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukugombeza."

Akanitazama. Kifungo kimoja kikamruka, kikagonga kioo, na hapo tukashindwa wote wawili, tukacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikakaa mkekani, nikafuta macho.

"Yu," nikasema, "nisaidie."

"Chai hujanywa."

"Hujanipa!"

Akanipa. Nilipoweka kikombe chini, alikuwa ameshavua blauzi na kuvaa gauni lake la kuukuu. "Umechelewa, lakini twende, nyumba kwa nyumba. Na hiyo sura ya kusimamia mtihani iache hapa hapa."

Tulizunguka kitongoji kizima, na kila nyumba ilikuwa na chai yake, na hakuna ya kukataa. Yu Mugiyah, yule wa kona ya msikiti, alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka akamwambia Yu Parjinem, "Si nilikuambia hakujua?" Kisha akachukua kisu chake akatutangulia kwangu.

Alasiri jiko likawa jiko, na hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Yu Parjinem alisimama penye sufuria lake la wali na ole wake atakayefunua mfuniko. Yu Mugiyah alishika mafenesi na sukari ya mnazi. Wanaume walipewa chai na kuni, na Giyarto akapuliza moto mpaka nyusi zikanuka moshi. Nilikaa pale nikimfikiria Mfaransa wangu. Alizipanga jamii mbili, moja ya kale na moja ya sasa. Hapa kila mtu alikuwa na kazi yake isiyoguswa, na bado wote walikuwa ndugu, kwenye sufuria lile lile. Nikamfikiria na yule Mjerumani mwingine mwenye ndevu nyingi, aliyesema anayeuza nguvu zake hupoteza hata raha ya kile alichokitengeneza. Yu Mugiyah alionja mchuzi, akafumba macho, akasema, "Haya ni yangu haya." Ningetamani darasa zima limwone.

Mimi nilipewa vitunguu.

"Mama Mhadhiri," Yu Parjinem akapaza sauti, "hivyo vitunguu unavikata au unavifundisha?"

Jiko zima likaangua kicheko, na mimi ndani yake, machozi yananitiririka, nimefurahi kupita kiasi.

Jumamosi Kinanthi aliolewa akapendeza. Niliketi mbele, mahali pa mama wa bibi harusi, nikasikia wageni wakisifu wali, nikajivuna utadhani niliupika mimi.

Juma lililofuata nilikuwa nasahihisha mitihani nikasikia hodi. Yu Mugiyah. Aliingia, akakaa. Nikamletea chai, naye akainywa bila haraka. Nilikuwa nimeshasikia kwamba anamwoza mwanawe, na macho yangu, kwa mazoea tu, yakaenda mikononi mwake kutafuta kadi.

Mikono ilikuwa mitupu.

"Yu Wur," akasema, "Alhamisi nina shughuli. Nisaidie. Vitunguu ni vyako."

Alhamisi nina darasa. Nikamwambia nakuja.

"Uje na kisu chako," akasema akivaa ndala, "na safari hii ukate vyembamba."

Nilimsindikiza mpaka kwenye uzio. Kisha nikaingia ndani, nikawaandikia wanafunzi kwamba somo limehamia Ijumaa, nikaenda kukinoa kisu.