Kiti cha Kushoto

Aliyemwita Shahidi kwa mara ya kwanza ni baba yake, kwa mzaha, na jina likaganda. Msichana huyo hakuwa amewahi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni karibu tena. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Daktari alishaitaja hali yake kwa jina lake, usonji, akaeleza kwa utulivu kwamba si ugonjwa wala laana, ila watu wa mtaani nao walikuwa na majina yao. Mama yake, fundi cherehani, alishamrudishia mteja kitambaa chake kikiwa nusu kimekatwa kwa sababu ya jina mojawapo.

Sasa uwe na mtoto asiyejua kudanganya, halafu ndoa ivunjike. Watu wazima wenye akili zao watamgeuza mtoto huyo mpelelezi, na wala hawataona aibu. Kila Shahidi alipotoka kwa baba yake alikutana na swali lile lile mlangoni, kabla hata hajavua viatu.

"Baba yako amekunywa?"

"Amekunywa."

Mama angeshika kiuno. "Amekunywa nini?"

"Chai."

"Na mdomo wake unanuka?"

"Unanuka mkate."

Hapo Kitinda, mdogo wake wa darasa la kwanza, angecheka mpaka akae chini, na mama angesonya huku akificha tabasamu.

Baba alikuwa dereva wa gari la mikate, na kila mtu alijua kwamba ni mlevi. Alikuwa amekwaruza nguzo ya geti akiingia nyumbani, si mara moja. Mezani alipiga jagi la maji kwa kiwiko kana kwamba halikuwepo. Mwishowe aligonga uzio wa jirani, Kitinda akiwa ndani ya gari, na mama akatoka mbio na kipande cha chaki ya kitambaa bado mkononi. Alimuuliza mbele za watu, "Wewe, umelewa?" Na baba, mtu ambaye pombe aliijua kwa kuipita dukani, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama watoto," alisema. "Nilipitiwa na pombe." Wiki hiyo hiyo mama alihama na watoto.

Shahidi alikuwepo kwenye gari siku ile, kiti cha nyuma, na baadaye alijua ukweli. Jicho la kushoto la baba lilikuwa limekufa. Lilianza na ukungu, ukungu ukawa ukuta, na daktari wa macho akasema halitarudi. Baba alimwambia binti yake peke yake, kwa sababu alihitaji msaada wake. "Hii ni siri yetu," alisema. "Usimwambie mama yako wala mtu yeyote. Ahadi?" Shahidi akasema ahadi, na kwake ahadi si maneno ya kutolea mtu njiani.

Tangu hapo kila Jumamosi alipanda gari la mikate, akakaa kiti cha mbele upande wa kushoto, na kutaja kila kilichokuwa upande wake. "Baiskeli. Mama na ndoo. Mbuzi, amesimama. Peupe." Asipotamka peupe, baba hakuondoka. Baba aliuita mchezo, lakini Shahidi aliuchukua kama kazi, na ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote. Hapakuwa na mtu wa kumwambia nitazame machoni, wala acha kurudiarudia maneno. Kurudia maneno ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Halafu baba akapata kazi nyingine. Shule ya Kitinda ilimtaka dereva wa basi, na mwenye shule alikuwa amesikia habari za ulevi, kwa hiyo akajiona mjanja: kila asubuhi dereva angempulizia pumzi puani kabla ya kupewa funguo. Siku ya usaili baba alipuliza kwa furaha. Kila mtu katika mji ule alikuwa anamnusa mdomo yule maskini, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia macho.

Mama aliposikia kwamba baba amenuswa na kufaulu, alilainika. Alikata kitambaa cha buluu na kumshonea shati la kazi kwa mkono wake, kola ya mara mbili, mfuko wenye kifuniko, na Jumapili baba akaja kulijaribu. Alisimama sebuleni mikono ameinyoosha huku mama akimzunguka na pini mdomoni. Kitinda aliruka kwenye kochi akiimba kwamba kesho baba atampeleka shule. Mama alipiga mabega ya lile shati kulinyoosha, na mkono wake ukachelewa kuondoka begani. Shahidi aliuona mkono ule. Alikuwa anataka kwa moyo wake wote baba arudi nyumbani, na sasa baba alikuwa karibu kurudi.

Alimfuata nje alipokuwa anaondoka.

"Kesho nani atakaa kushoto?"

Baba alitazama mlangoni kwanza. "Kuna dada wa basi."

"Dada wa basi anakaa nyuma. Anafungua mlango wa nyuma."

"Nitazoea, mwanangu. Nitageuza shingo."

"Ukigeuza shingo, kulia hutaona."

"Shahidi." Sauti ilishuka. "Umemuona mama yako leo? Umemuona anavyocheka? Basi. Tulia. Ulinipa ahadi."

Akaenda. Shahidi alibaki getini akivuta kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya akili ikimjaa. Watoto wa basi ni wengi, na Kitinda ni mmoja wao. Aliigeuza ile ahadi juu chini akitafuta mlango. Aliahidi kutosema. Lakini kujibu si kusema. Mtu akiuliza, atajibu, kwa sababu kudanganya hawezi. Kilichotakiwa ni mtu wa kuuliza tu.

Aliingia ndani. Mama alikuwa anamalizia kifungo cha mwisho chini ya taa ya cherehani.

"Mama, niulize."

"Nikuulize nini?"

"Niulize kuhusu baba."

Sindano ilisimama. Uso wa mama ulibadilika ghafla, hofu ikapita. "Ameanza tena? Anakunywa?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Kweli. Niulize lingine."

Lakini mama alikuwa ameshapumua. Alimvuta binti yake akamkumbatia, akasahau kwamba Shahidi hapendi kushikwa bila kuambiwa, na Shahidi akasimama amekakamaa. "Hilo moja linanitosha," mama alisema kwenye nywele zake. "Mungu ni mwema. Nenda kaoge, nina kazi."

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwahi kuishi katika nyumba ile.

Asubuhi basi lilikuja, limeoshwa, la manjano, baba kwenye usukani ndani ya shati lake la buluu. Watoto walikuwa wameshajaa nusu. Mama alimpandisha Kitinda, akamtengenezea kola, akamwambia baba watoto asitazame nyuma akiendesha. Alipogeuka, Shahidi alikuwa ameshapita chini ya mkono wake na kukaa kiti cha mbele kushoto, mkoba wa shule mapajani.

"Wewe! Shuka. Shule yako huko."

"Sishuki."

"Utachelewa!"

"Najua."

Dada wa basi alikuja akiwa na kidole juu, lakini alipoona jinsi msichana alivyong'ang'ania mpini wa chuma mbele yake, akarudi. Mama alimshika mkono avute. Shahidi alitoa sauti, ile sauti yake ya chini isiyokatika, na watoto nyuma wakaanza kuchungulia.

"Mwache," baba alisema haraka, na jasho lilikuwa limeshaonekana juu ya mdomo. "Mwache aje. Panda na wewe, mama watoto, nitawashusha wote karibu na shule yake."

Mama alipanda akiona aibu, akakaa nyuma ya Shahidi. Basi likaondoka.

"Pikipiki," alisema Shahidi. "Mzee, anavuka. Amevuka. Mkokoteni. Peupe."

"Mbona anaongea hivyo?" mama aliuliza.

"Mambo yake tu," baba alijibu, na shingo yake ililegea. Aliendesha vizuri. Alikata kona vizuri. Mtu angeapa kwamba ana macho manne.

Walisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi kuchukua watoto wengine. Walipanda wakisukumana, dada wa basi akawahesabu, akafunga mlango, akagonga bati kumwambia dereva aende. Baba aliweka gia. Alisubiri.

Shahidi alinyamaza.

"Sema," alinong'ona baba.

"Leo nilikuja kukuonyesha kesho," alisema Shahidi. "Kesho sipo."

Kisha akafumba macho, na juu ya macho akaweka viganja. Alifanya hivyo makusudi. Angeona kitu angelazimika kukitaja, hata kama amekaza meno. Lakini mikono ni miwili tu, na sasa masikio yalibaki wazi, na gari la nyuma likaanza kupiga honi. Honi ni kitu kilichomuumiza Shahidi kama maji ya moto. Likaja la pili. Hakuondoa mikono.

"Baba Kitinda, twende," mama alisema. "Unangoja nini? Peupe kabisa huku kulia."

Baba aligeuza shingo kushoto mpaka bega likageuka. Aliporudi kulia, kushoto kukapotea. Aligeuka tena. Mguu ulianza kuachia breki, na basi likasogea kidogo, kiasi cha mtu kubadilisha mguu. Nyuma, Kitinda alikuwa anamwonyesha jirani yake kwamba yule pale ndiye baba yake. Shahidi alihisi magurudumu yanaviringika chini ya sakafu, na kooni mwake kulikuwa na kilio kinachotaka kutoka, baba, simama, baba. Alikimeza.

Basi likasimama. Breki ya mkono ikavutwa. Funguo zikazungushwa, na injini ikanyamaza.

"Sioni," baba alisema.

"Huoni nini?"

"Upande huo. Sioni, mama watoto. Jicho hili limekufa siku nyingi."

Dada wa basi aliruka chini kutazama upande wa kushoto. Hakukuwa na kitu. Barabara ilikuwa wazi, angeweza kwenda na asingegusa hata paka. Baba alimsikia akisema hivyo, na bado hakuzigusa zile funguo.

Mama alikuwa amesimama katikati ya viti. Aliangalia jicho, akaangalia shati alilolishona, na mtu aliona kabisa nguzo ya geti na jagi na uzio vikimpita usoni, kimoja baada ya kingine.

"Uliniambia umelewa," alisema. "Nilikuuliza mbele ya watu, ukasema umelewa."

"Mlevi akiacha husamehewa. Kipofu hapewi usukani."

"Kwa hiyo ukaona bora nikuchukie!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na watoto wa watu walikuwa kimya kama wako msikitini. "Ukambebesha huyu! Ukamgeuza mtoto jicho lako, kila Jumamosi, na mimi namvalisha viatu namleta kwako!" Akamgeukia Shahidi, na sauti ikavunjika. "Ulijua?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Niliahidi. Ulikuwa hujaniuliza. Ulikuwa unauliza pombe."

Mama aliziba mdomo kwa mkono. Alimshusha Kitinda, akashuka naye, akasimama kando ya duka, mgongo kwa basi, mabega yakipanda na kushuka. Dada wa basi alikuwa kwenye simu akimtafuta mwenye shule, na magari ya nyuma yakapita moja moja, madereva wakitukana kupitia dirishani.

Baba alibaki kwenye usukani. Alikuwa analia kwa macho yote mawili.

"Hukuvunja ahadi," alimwambia Shahidi.

"Najua." Alikuwa ameshaziba masikio, kwa hiyo aliongea kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. "Nataka kuuliza."

"Uliza."

"Jumamosi ulikuwa unanichukua kwa sababu ya jicho?"

Huyu hakuwa mtu wa kudanganywa, na baba alijua kuliko wote. Angekuwa mtoto mwingine, angemwambia hapana, nakupenda, yakaisha. Alifuta uso kwa mkono wa lile shati jipya.

"Ndiyo," alisema. "Mwanzo, ndiyo."

Shahidi hakusogea. Alikuwa amezipenda Jumamosi zile kuliko kitu chochote duniani, na sasa alijua kwamba zilianza kwa sababu ya jicho tu. Machozi yalimtiririka akiwa amenyooka vile vile, mkoba mapajani.

"Na Jumamosi hii huna gari," alisema.

"Sina."

"Na jicho halina kazi."

"Halina."

"Basi utakuja?"

"Nitakuja. Kwa miguu. Mama yako akinifungia geti, nitakaa nje ya geti."

"Kufanya nini?"

"Sijui," baba alisema. "Kukaa tu. Na wewe."

Shahidi alilifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, kama anavyofikiria majibu yote, akiutafuta uongo ndani yake. Kisha akavaa mkoba na kuteremka kumfuata mama yake.

"Njoo mapema," alisema bila kugeuka.