Tambara Langu na Nyigu wa Darini

Mjukuu wangu, yule mshonaji ninayekaa naye, aliumwa na nyigu mdomoni mwaka jana, akavimba mpaka koo likataka kuziba. Daktari alituambia wazi kwamba akiumwa tena huenda asifike hospitali. Kwa hiyo nilipoona nyigu wanaingia kwenye tundu chini ya paa, juu ya chumba anachoshonea na kulala, sikungoja mtu. Paa letu liko chini. Jua lilipozama nilipanda kwenye kiti, nikashindilia tambara, nikakandika sementi juu yake. Asubuhi nje kimya. Nikajisifu.

Siku ya tatu tukasikia kitu kinakwaruza darini. Nikasema ni panya, nikatega mtego. Mjukuu akataka kumwita fundi wa kuondoa nyigu, nami nikamwambia, tulia mke mwenzangu, subira huvuta heri. Kumbe safari hiyo ilikuwa inavuta nyigu. Mjukuu akampigia fundi simu mimi nikiwa nimejilaza.

Fundi alikuja jioni, mwanamke mpole, kavaa nguo nyeupe nzito na wavu usoni, kama gunia la unga lililoota miguu. Alizunguka nyumba, akaiona sementi yangu, akauliza nani kaziba. Mjukuu akainamia cherehani yake. Nikasema ni mimi.

Hakunigombeza. Aliingia chumbani, akapanda ngazi, akatega sikio kwenye ubao wa dari, akamulika tochi. Akamtuma mjukuu kwa jirani, asirudi mpaka aitwe. Kisha akanionyesha. Kwenye dari, sawa na mto wa kulalia, palikuwa na doa, kama chai iliyomwagika.

"Bibi, usipaguse," alisema. "Ubao wameshaumaliza. Hapo imebaki rangi tu."

Akanieleza taratibu kwamba nyigu ukimzibia mlango hakai akafa. Hutafuna mpaka apate mwingine, na mwingine ni chumbani kwako.

Alikaza kipande cha ubao mpya juu ya lile doa, ndipo akatoka nje, akabomoa sementi yangu na kupuliza dawa ya unga tunduni. Dari ikavuma, ikanyamaza. Kesho yake akarudi kukitoa kiota, kikubwa kama sufuria ya shughuli, kijivu, chepesi kama karatasi. Tambara langu akanirudishia. Akasema nimeshindilia vizuri kuliko mafundi wengine, nikichoka kukaa bure ataniajiri, ila nitaziba akishaniambia.

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Mwanangu, umeniokolea mtoto wangu."

Alitaka kukipaka rangi kile kipande cha ubao kifanane na dari. Nikamwomba akiache vilevile. Sasa mjukuu anashona, mimi namtolea nyuzi za pindo. Kila nikiinua macho nakiona, nasema asante. Mjukuu huuliza naongea na nani. Namwambia ashone.