Mkono Wangu na Mafuta ya Wifi

"Asilimia ishirini na tisa," nilisema, nikisoma kioo cha mashine. Zimamoto hawapokei mwanamke mwenye mafuta mwilini zaidi ya asilimia ishirini na nane. Na aliyelala kitandani, tumbo wazi, alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliyewashinda wote kwa mbio na kwa kubeba mpira wa maji. Ana miaka thelathini, umri wa mwisho kuajiriwa. Mwakani hawamchukui tena.

"Umenifanyia makusudi," alisema.

"Makusudi ya nini? Mashine ndiyo imesema, mimi nasoma tu!"

Wale tisa waliotangulia, wote wamefaulu, wakaanza kuguna. Asubuhi walitusikia tukijibizana mlangoni, wakajua hatupikiki chungu kimoja.

Mkuu wa mafunzo akasogea. "Nesi, pima tena. Mbele yangu."

Nikapaka jeli, nikaweka kile kifaa cha altrasaundi pale pale tumboni, nikakandamiza. Ishirini na sita! Nikalegeza mkono. Ishirini na tisa. Nikakandamiza tena. Ishirini na sita. Mungu wangu!

Mafuta ni kitu laini, ukiyabana yanakuwa membamba, na mashine inapima inachokikuta. Kifaa kile kinatakiwa kiguse ngozi juu juu tu. Lakini mimi wale tisa niliwakandamiza kama nakanda unga, ndivyo nilivyojizoesha. Niliyempima sawasawa ni mmoja tu.

"Vipi?" mkuu aliuliza.

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini nilimwona wifi anajikaza asilie mbele yangu, nikajichukia.

"Vipimo vyote havifai," nilisema. "Kosa ni la mkono wangu. Wenzake nimewakandamiza, yeye sikumkandamiza."

Mkuu alichana karatasi yangu ya vipimo vipande viwili. Akasema habari ya mafuta imekwisha, watachaguliwa kwa mbio na kubeba mpira wa maji, na mimi nirudi zahanati nikajifunze kazi. Wanawake wakashangilia, wakampongeza wifi, maana hapo alikuwa ameshapita.

Yeye hakushangilia. Alijifuta jeli taratibu. "Mimi kwa nini hukunikandamiza?"

Nilijifanya nakunja waya.

"Sema, wifi."

"Sikutaka kukugusa."

Alifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, hadi cha mwisho.

"Bora ungenidanganya kuwa mashine ni mbovu," alisema, akatoka.